Kufuzu kwa Ironman ya Dunia: Nafasi Hupatikanaje, na Mwananchi Ajue Nini Kabla ya Kulipa Ada

Kila mwaka vijana wetu wanaopenda kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli husikia habari za mashindano yanayounganisha michezo hiyo mitatu kwa siku moja. Mashindano hayo huitwa triathloni, na yale marefu yanayojulikana zaidi duniani ni Ironman, ambayo ubingwa wake umekuwa ukifanyika Hawaii, nchini Marekani, tangu 1978. Wengi huuliza: je, mtu wa kawaida anaweza kufika huko? Anahitaji muda gani? Ni nani humteua?

Makala haya yanaeleza mashindano hayo ni yapi, nafasi hugawanywa vipi, na ni mambo gani ambayo mwanamichezo na familia yake wanapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa mfukoni. Pesa zenyewe si kidogo, na nafasi ikishapatikana muda wa kuamua huwa ni dakika chache tu.

MASHINDANO HAYA NI YAPI?

Mshiriki huanza kwa kuogelea kilomita 3.8 baharini au ziwani. Akitoka majini huingia eneo la kubadilishia, huvaa helmeti na viatu, kisha huendesha baiskeli kilomita 180. Akimaliza huacha baiskeli na kukimbia marathoni nzima, yaani kilomita 42.2. Jumla ni kilomita 226 bila siku ya mapumziko katikati. Saa haisimami mtu anapobadilisha nguo, anapokula wala anapoziba pancha.

Kwa kawaida mshiriki hupewa saa 17 kumaliza yote. Ndani ya saa hizo kuna vikomo vingine: kuogelea kumalizike ndani ya takriban saa 2 na dakika 20, na baiskeli ikamilike takriban saa kumi na nusu tangu kuanza. Anayechelewa kikomo chochote huondolewa njiani hata kama bado ana nguvu.

Triathloni hii si ile ya Michezo ya Olimpiki. Ile iliyoingia Olimpiki mara ya kwanza Sydney mwaka 2000 ni fupi zaidi: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Huko wanamichezo huruhusiwa kuendesha kwa kundi, mmoja akimkingia mwenzake upepo. Katika Ironman jambo hilo limekatazwa. Mshiriki wa kawaida hutakiwa kuacha nafasi ya mita 12 nyuma ya baiskeli iliyo mbele yake. Akikaribia zaidi bila kuipita, mwamuzi humtuma katika hema la adhabu, ambako husimama dakika kadhaa huku wenzake wakienda zao.

YALIANZAJE?

Chanzo chake ni ubishi wa marafiki. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy waliishi kisiwa cha Oahu, Hawaii. Watu walikuwa wakibishana ni mwanamichezo yupi aliye na pumzi zaidi: mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wao wakapendekeza kuunganisha mashindano matatu yaliyokuwako tayari kisiwani: lile la kuogelea Waikiki, lile la baiskeli la kuzunguka kisiwa, na Marathoni ya Honolulu.

Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Gordon Haller alishinda kwa muda wa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwaka uliofuata Lyn Lemaire akawa mwanamke wa kwanza kumaliza.

Mwaka 1981 mashindano yalihamishwa hadi Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ambako barabara hupita kwenye mashamba ya mawe meusi ya volkano, jua likiwaka na upepo wa ubavuni ukisukuma baiskeli. Februari 1982 mwanafunzi Julie Moss, aliyekuwa akiongoza mbio za wanawake, aliishiwa nguvu mita chache kabla ya utepe. Kathleen McCartney alimpita, naye Moss akamaliza kwa kutambaa. Picha hizo za runinga ziliwavuta watu wengi kuliko tangazo lolote. Walioomba kushiriki wakawa wengi mno, na kuanzia 1983 watu wakaanza kutakiwa kufuzu.

Leo muda umeshuka mno. Mwaka 2024 Mjerumani Patrick Lange alishinda Kona kwa saa 7, dakika 35 na sekunde 53, ambayo ni rekodi ya njia hiyo. Kwa wanawake, Lucy Charles-Barclay wa Uingereza aliweka rekodi ya saa 8, dakika 24 na sekunde 31 mwaka 2023.

Kati ya 2023 na 2025 ubingwa uligawanywa mahali pawili, Kona na Nice nchini Ufaransa, wanaume na wanawake wakipokezana kila mwaka. Waandaaji walitangaza kwamba kuanzia Oktoba 2026 wote watarudi Kona na kushindana siku moja. Maana yake kwa anayetaka kufuzu ni kwamba nafasi zimepungua, kwa kuwa mji mmoja mdogo hauwezi kubeba idadi iliyobebwa na miji miwili.

NANI HUTEUA WASHIRIKI?

Wengi hapa nchini hukosea katika jambo hili. Katika Olimpiki au Michezo ya Jumuiya ya Madola, shirikisho la taifa na kamati ya Olimpiki ndio hupeleka timu. Ironman ni mali ya kampuni ya kibinafsi. Hakuna timu ya Kenya, hakuna kocha wa taifa anayechagua majina, na hakuna ofisi ya serikali, iwe ya kaunti au ya kitaifa, inayoweza kumpa mtu nafasi. Mshiriki hujisajili mwenyewe, hulipa mwenyewe na hufuzu kwa miguu yake mwenyewe.

Shirikisho la taifa lina kazi yake. Anayetaka kushindana kama mwanamichezo wa kulipwa huhitaji leseni inayotambuliwa kupitia shirikisho la nchi yake. Kuna pia ubingwa wa dunia wa masafa marefu unaosimamiwa na World Triathlon, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Huko ni mashirikisho ya nchi yanayosajili wanamichezo. Hayo ni mashindano tofauti na Ironman, ijapokuwa majina yake hukaribiana.

HAKUNA MUDA WA KUFUZU

Mkimbiaji anayetaka kwenda Boston Marathon hupewa muda fulani kulingana na umri wake, naye akiupata popote kwenye njia inayokubalika anaweza kutuma maombi. Ironman haina muda wa aina hiyo. Mtu hufuzu kwa kushindana na waliokuwapo siku hiyo, katika mashindano ambayo yametengewa nafasi za kwenda kwenye ubingwa. Kumaliza kwa saa 10 kunaweza kukupa nafasi mahali pamoja na kukuacha mikono mitupu mahali pengine.

Utaratibu uliotumika kwa miaka mingi ulikuwa hivi:

1. Kila mashindano ya kufuzu hutengewa idadi ya nafasi, tuseme 40.

2. Washiriki hugawanywa kwa jinsia na kwa makundi ya umri: miaka 18 hadi 24, 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea hivyo kwa vipindi vya miaka mitano mpaka wazee wa miaka 80 na zaidi.

3. Kila kundi lenye washiriki hupata angalau nafasi moja, na zilizobaki hugawanywa kulingana na ukubwa wa makundi. Kundi lenye sehemu moja ya kumi ya washiriki hupata takriban nafasi nne kati ya hizo 40.

4. Wa kwanza katika kundi akikataa, nafasi humshukia wa pili, kisha wa tatu, na kuendelea.

Kwa msimu wa kufuzu kwa ajili ya 2026 utaratibu huo ulibadilishwa. Mshindi wa kila kundi la umri bado hupewa nafasi moja kwa moja, na akikataa hupewa wa pili au wa tatu wa kundi lake. Nafasi zinazobaki hazigawanywi tena kwa ukubwa wa makundi. Badala yake, muda wa kila mshiriki huzidishwa kwa kipimo cha kundi lake, kilichotokana na matokeo ya watu bora wa umri na jinsia hiyo huko Kona. Muda uliorekebishwa ndio hutumika kupanga orodha.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Tarakimu zake si vipimo rasmi. Kijana wa miaka 31 anamaliza kwa saa 10 na kipimo cha kundi lake ni 1.00, kwa hiyo muda wake unabaki saa 10. Mama wa miaka 52 anamaliza kwa saa 12 na kipimo chake ni 0.80. Ukizidisha 12 kwa 0.80 unapata saa 9 na dakika 36. Kwenye orodha ya kugawa nafasi, mama huyo yuko mbele ya kijana, ingawa kijana alivuka utepe saa mbili kabla yake.

Wanaounga mkono utaratibu huu wanasema humtuza aliyefanya vizuri zaidi kulingana na umri wake. Wanaoupinga wanasema unaweza kuwapunguzia wanawake nafasi, na mjadala huo umekuwa mkali. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara. Kwa hiyo soma kanuni za mashindano na mwaka unaoulenga, si maelezo ya miaka iliyopita.

SIKU YA KUGAWA NAFASI

Baada ya mashindano hufanyika hafla ya tuzo, na hapo majina huitwa. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba aliyefuzu awepo mwenyewe, aseme ndiyo papo hapo, na alipe ada ya ubingwa hapo hapo. Jina likiitwa bila jibu, nafasi humwendea anayefuata. Ndiyo sababu anayemaliza wa tano au wa sita hashauriwi kukimbilia uwanja wa ndege mapema. Huenda walio mbele yake wakakataa kwa sababu ya kazi, familia au gharama.

Ada ya ubingwa pekee imezidi dola 1,000 za Marekani, mbali na nauli, malazi na kusafirisha baiskeli. Mkenya huhitaji pia viza ya Marekani, na kuipata huweza kuchukua muda mrefu. Familia ijadiliane kuhusu jambo hili kabla ya mashindano ya kufuzu. Ukisubiri jina liitwe ndipo uanze kupiga simu nyumbani, umechelewa.

JE, KUNA NJIA NYINGINE?

Zipo chache. Mtu aliyekwisha kumaliza Ironman kamili 12 bila kuwahi kufika kwenye ubingwa anaweza kuomba nafasi kupitia mpango wa washiriki wa muda mrefu. Zipo pia nafasi zinazohusishwa na uchangishaji wa fedha za hisani.

Bahati nasibu haipo tena. Kwa miaka mingi watu walilipa ada ili majina yao yachezeshwe kura ya kwenda Kona. Mwaka 2015 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walisema utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria ya kamari. Kampuni ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 2.7 na kuifunga bahati nasibu hiyo.

Tahadhari kwa wananchi: nafasi ya ubingwa haiuzwi na mtu wa kati wala haihamishwi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Yeyote atakayekuomba pesa akidai ana nafasi ya Kona ya kukuuzia, au kwamba ofisi fulani imempa orodha ya vijana wa kusafiri, usimlipe. Toa taarifa kwa polisi.

KARIBU NA NYUMBANI: NUSU YA UMBALI

Kwa mwanamichezo wa Afrika Mashariki, mlango ulio karibu ni mashindano ya nusu umbali, yaitwayo Ironman 70.3. Tarakimu hizo ni jumla ya maili. Kwa kilomita ni kuogelea 1.9, baiskeli 90 na kukimbia 21.1, jumla 113. Nayo yana ubingwa wake wa dunia, ulioanza 2006 na ambao huhamahama. Mwaka 2018 ulifanyika Nelson Mandela Bay, Afrika Kusini, na hiyo ikawa mara ya kwanza kufika barani Afrika.

Tangu 2022 Rwanda imeandaa Ironman 70.3 mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Mkenya anaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, na safari inaweza kufanywa kwa basi. Mtu wa pwani akumbuke kwamba Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo pumzi huko si kama ya hapa kwetu. Afike siku kadhaa mapema.

Angalia usichanganye: kwa kawaida nafasi zinazotolewa katika 70.3 ni za ubingwa wa 70.3, si za Kona. Anayeitaka Kona hutafuta Ironman kamili, kama ile inayofanyika Nelson Mandela Bay.

JOTO, BAHARI NA BARABARA

Oktoba 2025, katika mbio za wanawake Kona, Lucy Charles-Barclay alilazimika kujiondoa kwa sababu ya joto. Mmarekani Taylor Knibb, aliyekuwa akiongoza, aliishiwa nguvu na kuketi barabarani zikiwa zimesalia kilomita chache. Solveig Løvseth wa Norwei akashinda. Ikiwa hayo huwapata walio bora duniani wenye madaktari na makocha, kijana anayejifunza peke yake anapaswa kuchukua hatua zifuatazo:

• Apimwe na daktari kabla ya kuanza mazoezi mazito, hasa moyo na shinikizo la damu.

• Asinywe maji matupu kwa wingi saa nyingi mfululizo. Jasho hutoa chumvi. Maji mengi bila chumvi yanaweza kuishusha hadi mtu akachanganyikiwa au kupoteza fahamu.

• Asiogelee baharini peke yake. Aulize wavuvi au kitengo cha usimamizi wa ufuo (BMU) kuhusu mkondo, ajue kama ni bamvua au maji mafu, na asiingie nje ya mwamba msimu wa kusi bila chombo cha kumfuata.

• Aendeshe baiskeli alfajiri kukishapambazuka, avae helmeti na nguo zinazoonekana, na akae mbali na barabara kuu zenye malori.

• Asitumie dawa au virutubisho asivyovijua. Washiriki wa kawaida nao wanaweza kupimwa, si wa kulipwa pekee. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini, ADAK, hutoa ushauri kuhusu dawa zilizokatazwa, zikiwemo zile ambazo mgonjwa huandikiwa hospitalini.

KIJANA AANZIE WAPI?

Kenya ina wakimbiaji wa kutosha. Kinachowazuia wengi wao katika mchezo huu ni maji na bei ya baiskeli. Mkimbiaji hodari asiyejua kuogelea ataondolewa kabla hajaweka mguu barabarani. Kwa upande huu watoto wa pwani wana mtaji: bahari iko mlangoni. Hata hivyo, kujua kuelea na kupiga mbizi si sawa na kuogelea kilomita 3.8 mfululizo bila kugusa chini. Tafuta mwalimu wa kuogelea mtindo huru na wa kukufundisha kuvuta pumzi.

Baiskeli ya kwanza si lazima iwe ya mamilioni. Iwe ya kimo chako, breki zake zishike, na ujifunze kuziba pancha mwenyewe, kwa kuwa ndani ya mashindano huruhusiwi kusaidiwa na rafiki aliye kando ya barabara.

Anza na masafa mafupi, kisha ya Olimpiki, kisha nusu. Wanaoshindana Kona wengi wao walichukua miaka, na umri si kikwazo kikubwa. Mjapani Hiromu Inada alimaliza Kona mwaka 2018 akiwa na miaka 85. Mmarekani Natalie Grabow alimaliza mwaka 2025 akiwa na miaka 80, na alijifunza kuogelea akiwa na miaka 59.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, michezo na vifaa vya michezo ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Vijana wanaotaka kuunda klabu wanashauriwa kuisajili kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, kisha wawasilishe mahitaji yao kwenye vikao vya ushirikishaji umma wakati wa kuandaa bajeti. Ombi la klabu iliyosajiliwa, lenye orodha ya wanachama na mahitaji yaliyoandikwa wazi, huwa na uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

KWA UFUPI

• Hakuna muda maalumu wa kufuzu. Unashindana na waliokuwapo siku hiyo.

• Mshindi wa kundi la umri hupata nafasi kwanza. Nyingine hufuata orodha ya muda uliorekebishwa.

• Uwepo kwenye hafla ya tuzo, ukiwa na uamuzi na pesa tayari.

• Nafasi hainunuliwi kwa mtu wa kati.

• 70.3 hupeleka kwenye ubingwa wa 70.3, Ironman kamili hupeleka Kona.

• Jifunze kuogelea kwanza.

Kwa ushauri kuhusu usajili wa klabu na maeneo salama ya mazoezi, fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako au ofisi ya michezo ya kaunti siku za kazi. Huduma hiyo haitozwi ada.